Elekeza, peleka na pitisha: vitenzi vya safari ya ombi kati ya seva

Vitenzi elekeza, peleka na pitisha aghalabu hubadilishana nafasi katika tafsiri za miongozo ya kompyuta, hasa panapoelezwa jinsi seva ya wavuti inavyokabidhi maombi ya watumiaji kwa seva ya programu. Katika mazungumzo ya kila siku ubadilishanaji huo hauna madhara makubwa. Katika usanidi wa seva, kila kitenzi hutaja tendo tofauti, na fundi anayefuata mwongozo uliovichanganya anaweza kuandika amri isiyo sahihi.

Muktadha

Seva ya wavuti, kwa mfano Apache, hupokea maombi ya vivinjari na kutoa kurasa na picha zilizokwisha kuandaliwa. Seva ya programu, kwa mfano Tomcat, huendesha programu zinazotunga jibu papo hapo, kama vile matokeo ya mtihani ya mwanafunzi mmoja. Kiungo kati yake ni programu-jalizi. Kwa seva hizi mbili, mojawapo ni mod_jk. Kipashio -jalizi kinahusiana na kitenzi jaliza, na nasaba hiyohiyo imeipa isimu istilahi kijalizo.

Usanidi wa mod_jk una sehemu mbili kuu. Faili la workers.properties hueleza seva ya programu ilipo:

worker.list=matokeo1
worker.matokeo1.type=ajp13
worker.matokeo1.host=localhost
worker.matokeo1.port=8009

Faili la usanidi la Apache hueleza ni maombi yapi yaende huko:

JkMount /matokeo/* matokeo1

Tangu 2020, ulipofichuliwa udhaifu ulioitwa Ghostcat, matoleo mapya ya Tomcat huja itifaki ya AJP ikiwa imezimwa. Anayeiwasha hutakiwa, kwa kawaida, kuweka neno la siri linalolingana pande zote mbili.

Peleka

Mpelekaji huchukua kitu na kukifikisha. Tarishi wa ofisi hupokea barua mapokezi, huipeleka kwa mhusika, kisha hurudi na jibu. Mwenye barua hainuki kitini. Ndivyo JkMount inavyofanya kazi. Ombi la /matokeo/ huchukuliwa na programu-jalizi, hupelekwa Tomcat kupitia poti 8009, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Kivinjari huzungumza na Apache peke yake.

Elekeza

Kitenzi hiki ni kauli ya kutendesha ya elekea, na anayeelekezwa ndiye anayekwenda. Karani anayemwambia mgeni "Nenda dirisha namba 3" amemwelekeza. Safari ni ya mgeni mwenyewe. Katika Apache, tendo hili hufanywa na amri ya Redirect: seva hukijibu kivinjari kwa msimbo 302 pamoja na anwani mpya, na kivinjari hutuma ombi la pili.

Sentensi "Elekeza maombi ya matokeo kwa seva ya programu" kwa hiyo ina tafsiri mbili. Fundi atakayeisoma kwa maana ya Redirect huenda akavipa vivinjari anwani ya mtandao wa ndani wa taasisi, ambayo aliye nje hawezi kuifikia. Hata ikifikika, fomu iliyotumwa kwa njia ya POST hupoteza yaliyojazwa, kwa kuwa vivinjari vipatapo msimbo 302 kwa kawaida hutuma ombi jipya la GET. Mwanafunzi hujaza upya fomu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Pitisha

Pitisha hufaa kwa kizuizi kinachoruhusu kitu kupita, kama ukuta wa usalama wa mtandao. Kikiambatana na nomino ombi huleta utata mwingine, maana "Kamati imepitisha ombi" ni kusema limekubaliwa. Seva ya wavuti hailikubali wala kulikataa ombi kwa niaba ya Tomcat, hulifikisha tu.

Tahadhari kuhusu pelekea

Kauli ya kutendea, pelekea, imezoeleka pia kwa maana ya "sababisha". Katika maandishi ya kiufundi ni salama zaidi kuandika peleka kwa.

Matumizi yanayopendekezwa

Sahihi: Programu-jalizi hupeleka ombi kwa seva ya programu na kurudisha jibu.
Sahihi: Tovuti ya zamani huelekeza vivinjari kwenye anwani mpya.
Sahihi: Ukuta wa usalama hupitisha maombi ya poti 443 pekee.
Yenye utata: Programu-jalizi huelekeza maombi kwa seva ya programu.

Mfasiri anayesita ajiulize swali moja: ni nani anayesafiri? Kivinjari kikisafiri chenyewe, kimeelekezwa. Ombi likibebwa kwa niaba yake, limepelekwa.