Karatasi Kabla ya Msingi

Ukikaa na watu Nakuru utasikia kwamba kibali cha ujenzi ni mtego wa kaunti wa kutafuta hela. Hela zipo, sikatai. Lakini mizizi ya hii karatasi ni mizee kuliko kaunti, na kuliko uhuru wenyewe. Ukiifuata nyuma, unakuta kwamba kabla ya kuuliza kama nyumba itasimama, serikali ilitaka kujua nani anaruhusiwa kukaa mjini, na kwa muda gani.

Tuanzie Nairobi, 1902, ilipokuwa bado kambi ya reli inayojifunza kuwa mji. Tauni ikaingia soko la Wahindi na wakuu wa afya wakaamuru lichomwe moto. Mwaka wa 1913 akaja Profesa W. J. Simpson kutoka Uingereza kuchunguza afya ya miji yetu. Akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe, kila kundi na eneo lake. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa. Panya na viroboto hawajui rangi ya mtu, lakini tangu hapo ramani za miji zilijua.

Nakuru ilikuwa kituo cha reli katikati ya mashamba ya walowezi, na mwaka wa 1904 ikatangazwa kuwa mji. Waafrika walihitajika kwenye reli, madukani na majikoni, ila walihesabiwa kama wageni wa kazi: kipande shingoni, kazi ikiisha rudi kwenu. Makao yao yakawa mitaa kama Bondeni na Kaloleni. Kwa macho ya serikali, nyumba ya udongo na miti ilikuwa ya muda kwa sababu mwenyewe alikuwa wa muda. Hapo vifaa vya ujenzi vikageuka kuwa cheo. Jiwe lilikuwa la mkaaji, na udongo ukawa wa mpita njia.

Uhuru ulipokuja ungetarajia mambo yageuke. Mwaka wa 1968 serikali ikatoa sheria ndogo za ujenzi ambazo kila baraza la mji lingeweza kuzichukua na kuzitumia. Zilikuwa za madaraja mawili. Daraja la Kwanza lilifuata mtindo wa Uingereza: vifaa vya kudumu, vipimo vikali. Daraja la Pili lilikuwa jepesi zaidi, kwa maeneo ambayo baraza lenyewe lingeyateua. Sasa fikiria mfanyakazi wa mshahara mdogo mwenye ploti yake. Kama mtaa wake haukuteuliwa, nyumba anayoweza kuilipia inakuwa kosa, na nyumba inayokubalika haiwezi. Mkoloni alikuwa ameondoka, lakini kipimo kilibaki mahali pake.

Mwaka wa 1995 sheria hizo zililegezwa. Badala ya kutaja kifaa kwa jina, zilianza kuuliza kifaa kinafanya kazi gani: ukuta unabeba paa? Unazuia mvua? Matofali ya udongo ulioshindiliwa yakapata nafasi. Nakuru ni miongoni mwa mabaraza yaliyozikubali. Kwangu mimi hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote katika hadithi hii, na karibu hakuna anayeyakumbuka.

Mimi niliacha chuo, naishi kwa kuandika, na uandishi usipolipa najazia watu fomu kwenye saiba. Mwaka jana mama mmoja alinijia na ploti ya hamsini kwa mia. Alitaka vyumba vinne vya kupangisha, asaidiwe uzeeni. Nikamsomea orodha: hatimiliki, risiti za kodi ya ardhi, ramani yenye muhuri wa msanifu aliyesajiliwa, michoro ya mhandisi, ada. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao wote watakuja kuona msingi wangu, ama watabaki kwa karatasi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ndiyo maana kila mji una mafundi wa wikendi, wanaoanza Ijumaa jioni kanjo wakishatoka kazini, na kufikia Jumatatu ukuta uko kwenye linta. Wengi wao hawadharau sheria. Wamepiga tu hesabu.

Lakini nisije nikaonekana nasema kibali hakina maana. Mwezi wa Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, na zaidi ya watu 40 wakafa. Wapangaji wale hawakuwa na njia ya kujua nguzo zao zina nini ndani. Kuna mtu alipaswa kujua kwa niaba yao. Hiyo ndiyo kazi ya kibali, na maskini ndiye anayeihitaji kuliko mtu yeyote, maana tajiri anaweza kumlipa mhandisi wake.

Sheria ya mipango ya mwaka wa 2019 inatishia anayejenga bila ruhusa kwa faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote pamoja. Sheria hiyo hiyo inasema ukikaa siku 60 bila kujibiwa kwa maandishi, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Faini wengi wameisikia. Siku 60, ni wachache. Na tangu Machi 2025 tuna kanuni mpya ya kitaifa ya ujenzi, iliyozika ile ya 1968.

Nakuru nayo ni jiji tangu Desemba 2021. Jiji jipya, kanuni mpya. Ni nafasi nzuri ya kubadilisha swali la zamani. Nani anastahili kukaa hapa? Hilo lilijibiwa mwaka wa 1963. Lililobaki ni la yule mama: nani atakuja kuuangalia msingi, kabla zege halijamwagwa?