Binti Baroni na Mkono wa Damu

Msikilizaji mmoja wa Lalago, wilayani Maswa, ameniletea swali lililonikalia moyoni juma zima. Anasema wazee wa kwao wakisimulia enzi ya Mjerumani husimulia wanaume tu: bwana mkubwa, askari, kiboko. Je, mabibi zao walikuwa wapi? Naye amesikia kwamba mabinti wa makabaila wa Kijerumani walikuwa wakitumikia malkia kama wapambe. Hapana hata mmoja aliyefika kwetu?

Ni swali zuri, na wapambe hao walikuwapo kweli. Binti wa ukoo mkubwa asiye na mali wala mchumba alipelekwa jumba la kifalme kumsindikiza malkia, kumsomea barua na kusimama nyuma yake wageni wanapopokewa. Ilikuwa heshima, lakini ilikuwa utumishi vilevile. Mwanamke ninayetaka kumsimulia leo alizaliwa katika tabaka hilo hilo, ila yeye hakutaka kusimama nyuma ya mtu.

Jina lake ni Frieda von Bülow, binti baroni, aliyezaliwa Berlin mwaka 1857. Baba yake alikuwa balozi mdogo huko Smyrna, katika Uturuki ya leo, na alifariki binti akiwa bado mdogo. Familia ikahamia Neudietendorf, mji wa Wamoravian, wale wale ambao mwaka 1891 walifungua misheni Rungwe. Mwaka 1884 dada yake Margarete, aliyekuwa mwandishi, alizama katika maji ya barafu akijaribu kumwokoa mtoto wa watu.

Mwaka huo huo wa 1884, Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami na karatasi zake za mikataba, ambazo machifu waliwekewa mbele waweke alama bila ya kujua wanauza nini. Aliporudi Berlin alipokewa kama shujaa, na Frieda alikuwa miongoni mwa waliomshangilia. Alishiriki kuunda chama cha wanawake cha kupeleka wauguzi katika koloni, na mwaka 1887 akashuka Unguja pamoja na muuguzi Bertha Wilke.

Alikuja kuuguza, lakini alikuja pia kwa ajili ya Peters. Mapenzi yao yakavuma mpaka Berlin, na mabibi wa chama, ambao walichunga sana heshima mbele ya watu, wakamwacha mkono. Malaria nayo ikamwandama. Mwaka 1888 akarejea kwao. Miezi michache baadaye Pangani ikalipuka, Abushiri bin Salim akaongoza vita dhidi ya ile kampuni ya Peters.

Sasa tuje Kilimanjaro, kwani hapo ndipo kiini cha habari hii. Mwaka 1891 Peters alikuwa kamishna wa serikali huko. Alikuwa na mtumishi aitwaye Mabruk, na wasichana wa Kichagga aliowaweka kituoni, mmoja wao akiitwa Jagodja. Alipopata habari kwamba Mabruk ameingia kwa wasichana hao, alimnyonga, akisema kosa ni wizi. Jagodja alitoroka, akakamatwa, akachapwa, na Januari 1892 akanyongwa naye. Watu wakampa Peters jina la Mkono wa Damu.

Juni mwaka huo huo, ndugu yake Frieda, Albrecht von Bülow, ofisa katika kituo cha huko huko Kilimanjaro, aliuawa akipigana na watu wa Mangi Meli wa Moshi. Dada akaja tena mwaka 1893, safari hii upande wa Tanga, kusimamia shamba la marehemu. Mwanamke peke yake kuendesha shamba! Wakubwa wa koloni hawakulipenda jambo hilo, na baada ya muda mfupi akaliacha.

Machi 1896, August Bebel wa chama cha wasoshalisti alisimama katika bunge la Ujerumani akaeleza yaliyotendeka Kilimanjaro. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza Peters kazini. Frieda alijua yote haya. Magazeti ya nchi nzima yaliyaandika. Hata hivyo mwaka 1899 alitoa riwaya kuhusu koloni letu, na shujaa wake amechorwa kwa sura ya Peters. Mimi sitamkejeli kwa kupenda, lakini hilo la kalamu siwezi kumsamehe.

Mangi Meli alinyongwa Moshi mwaka 1900. Frieda alifariki mwaka 1909, na vitabu vyake vingali katika maktaba za Ujerumani. Mwaka 1937 Hitler akamrudishia Peters heshima yake, marehemu akiwa kaburini miaka 19.

Jagodja hakuandika kitabu. Jina lake tunalo kwa sababu karani wa mahakama alilazimika kuliandika katika jalada la aliyemnyonga.