Uzamivu Ujerumani: Msimamizi kwanza, fedha baadaye

WAHITIMU wengi wa shahada ya uzamili wanaotamani kusomea uzamivu nchini Ujerumani huanza kwa kutafuta ufadhili, na hapo ndipo wanapopoteza mwaka mzima.

Katika utaratibu wa jadi wa nchi hiyo, hakuna ofisi ya udahili inayompangia mwanafunzi msimamizi. Mwombaji humtafuta profesa mwenyewe na kumshawishi kwa andiko fupi la utafiti. Barua ileile ikitumwa kwa maprofesa hamsini hutambulika upesi, na huishia kapuni. Wajerumani humwita msimamizi huyo Doktorvater, yaani baba wa udaktari; mara nyingi ndiye pia huitolea tasnifu alama.

Njia nyingine ni programu zenye ratiba maalumu, zikiwamo shule za utafiti za Max Planck, ambazo huwashindanisha waombaji na kuwalipa waliochaguliwa kila mwezi.

Kuhusu fedha, shirika la DAAD, lililoanzishwa mwaka 1925 na lenye ofisi Nairobi, hufadhili watu binafsi, lakini kwa njia ile ya jadi hudai barua ya profesa aliyekubali kusimamia. Mfuko wa utafiti wa DFG haumpi mwanafunzi fedha moja kwa moja. Hugharamia miradi ya vyuo, navyo huajiri watafiti. Ufadhili wa utafiti wa Humboldt, unaotajwa sana mitaani, huwalenga waliokwisha kupata uzamivu.

Vyuo vikuu vya umma kwa kawaida havitozi ada ya uzamivu, ila mchango wa kila muhula.