Sauti ya marehemu Michael Jackson yazua utata

Mwanamuziki Michael Jackson wa Marekani alifariki Juni 25, 2009, akiacha nyimbo kadhaa ambazo hazikuwa zimetolewa. Desemba 2010, kampuni ya Sony ilitoa albamu ya 'Michael', iliyokamilishwa na watayarishaji baada ya kifo chake. Baadhi ya jamaa na mashabiki walidai sauti katika nyimbo tatu haikuwa ya marehemu, Sony ikakana. Mnamo 2022, nyimbo hizo ziliondolewa kwenye huduma za muziki za intaneti, bila utata huo kutatuliwa. Albamu ya 'Xscape' ya 2014 ilikuwa na toleo lililojumuisha rekodi za awali, hivyo msikilizaji aliweza kupambanua kazi ya marehemu na ya waliomkamilishia, kwani mwenyewe hayupo kuulizwa.