Matini Huru na Herufi za Risasi: Insha ya Mtoto katika Shule ya Célestin Freinet, 1920-1935

Somo la insha katika shule ya msingi lina historia yake, ingawa mara nyingi hufundishwa kana kwamba halina. Katika mapokeo ya shule za lugha ya Kifaransa, ambayo Kongo iliyapata kwa mikono ya Wabelgiji, insha ilikuwa mali ya mwalimu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu ndiye aliyetoa kichwa cha habari, akaeleza mpango wa aya, akaandika ubaoni maneno yaliyofaa kutumiwa, na mwishowe akasahihisha kwa wino mwekundu. Mtoto aliyeandika juu ya siku ya soko alijua vema kwamba msomaji wake ni mmoja tu, tena msomaji huyo hana haja ya kujua lolote kuhusu soko lile; anatafuta makosa. Kwa mtazamo wa isimu, hayo ni mawasiliano ya ajabu: msemaji yupo, ujumbe upo, lakini msikilizaji hasikilizi.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kulitilia shaka jambo hilo kwa maandishi alikuwamo mtunzi wa riwaya. Mwaka 1859 Leo Tolstoy alifungua shule ya watoto wa wakulima katika shamba lake la Yasnaya Polyana, nchini Urusi. Mwaka 1862 alitoa katika jarida la shule hiyo makala ambayo kichwa chake ni swali: nani ajifunze kuandika kwa nani, watoto wa wakulima kwetu, au sisi kwao? Humo anasimulia jinsi alivyowapa wanafunzi methali ya Kirusi waitungie hadithi, nao wakaona kazi hiyo inawashinda. Akaanza kuitunga mwenyewe. Watoto wakaja mmoja mmoja, wakamzunguka, wakaanza kumsahihisha. Wawili, Fedka na Syomka, walikaa naye hadi usiku, na Fedka hakukubali neno lolote lisilolingana na tabia ya mhusika. Baadaye karatasi za hadithi hiyo zilipotea, kwa kuwa wanafunzi wengine walizikunja wakatengeneza majogoo ya karatasi. Ikabidi itungwe upya.

Masimulizi hayo ni matamu, na Tolstoy hakuficha mshangao wake. Lakini askari wa mfalme walikuja kuipekua nyumba yake mwezi Julai 1862, na shule ile haikudumu. Tena, hadithi za watoto wale zilitoka nje kwa mlango mmoja tu, nao ulikuwa Tolstoy mwenyewe. Pasipo mwandishi mashuhuri mwenye jarida lake, mtoto wa mkulima hakuwa na njia ya kumfikia msomaji.

Njia hiyo ilipatikana miaka 60 baadaye, katika kijiji cha kusini mwa Ufaransa, kwa mwalimu ambaye hakuwa mashuhuri hata kidogo. Célestin Freinet alizaliwa mwaka 1896 huko Gars, katika milima ya Alpes-Maritimes. Alikuwa bado katika chuo cha ualimu cha Nice vita vilipoanza. Aliingizwa jeshini, na mwaka 1917 alijeruhiwa vibaya mapafuni huko Chemin des Dames. Mwezi Januari 1920 alipewa darasa la watoto wadogo katika kijiji cha Le Bar-sur-Loup. Mapafu yake hayakumruhusu kusema kwa sauti kubwa saa nyingi mfululizo, na ualimu wa siku zile ulikuwa kazi ya sauti. Pengine watu wamelitegemea mno jeraha hilo katika kueleza mageuzi ya Freinet. Majeruhi wengine wengi walirudi shuleni wakaendelea kufundisha kama zamani. Hata hivyo, mwalimu asiyeweza kusema sana hulazimika kutafuta nani mwingine aseme.

Inasimuliwa kwamba siku moja watoto waliingia darasani na konokono, wakawashindanisha mbio juu ya meza. Darasa lilichangamka kuliko lilivyowahi kuchangamkia kitabu cha kusomea. Freinet akaandika ubaoni yale waliyoyasema juu ya mbio hizo, wakayasoma. Somo lilikuwa zuri; ila jioni ubao ulifutwa, na kesho yake kitabu kikarudi na habari zake za watu wasiojulikana. Ili maneno ya watoto yasifutwe, mwaka 1924 Freinet alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa na sanduku la herufi za madini ya risasi.

Kazi ilikwenda hivi. Mtoto aliandika alipokuwa na jambo la kusema, juu ya habari aliyoichagua mwenyewe; hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa matini huru. Walioandika walisomea wenzao kwa sauti, kisha darasa likapiga kura kuchagua matini moja. Iliyochaguliwa iliandikwa ubaoni, na wote pamoja na mwenye matini wakairekebisha: neno gani linakosekana, sentensi gani haieleweki, kitenzi gani kimekosewa. Baada ya hapo watoto waliigawana mistari, kila mmoja akapanga herufi zake katika kishikio, wakapaka wino, wakachapa. Kila mtoto aliweka nakala yake pamoja na nyingine, na mkusanyo huo ukawa kitabu chake cha kusomea. Nakala zilizobaki zilikwenda nyumbani na kwingineko.

Ni kosa kudhani kwamba mashine ilikuwa pambo tu la somo. Herufi za chapa hupangwa kinyume, kama zionekanavyo katika kioo, na kosa moja huonekana kwenye nakala zote. Mtoto aliyepanga neno herufi kwa herufi kwa vidole vyake hakuhitaji kuhubiriwa umuhimu wa tahajia. Hata nafasi iliyo kati ya neno na neno, ambayo kwa mwenye kalamu ni utupu, kwa mpangaji chapa ni kipande cha madini kinachoshikika, kisipowekwa maneno hugandamana. Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Kiswahili cha Kongo, mahali ambapo mpaka wa neno ndilo tatizo la kwanza la anayeandika bila kufundishwa kanuni: je, ni «anasoma» au «ana soma»? Aliyeitazama historia ya mji wa Élisabethville, leo Lubumbashi, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, na ambayo Johannes Fabian aliitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990, ameona jinsi mwandishi mwenye mengi ya kusema anavyoweza kuyakata maneno kwa namna yake. Maandishi hayo yanatolea ushahidi pia jambo la pili: kwamba kuandika kwa nguvu kunaweza kuchipuka nje kabisa ya insha ya shule, pale mwandishi anapojua anawaandikia nani.

Freinet alilifahamu hilo mapema. Katika miaka hiyo ya 1920 darasa la Le Bar lilianza kubadilishana matini na darasa la René Daniel huko Trégunc, katika jimbo la Bretagne. Umbali kati ya vijiji hivyo ni upana wote wa Ufaransa. Le Bar ni kijiji cha mlimani, nchi ya michungwa na ya maua yaliyouzwa kwa watengenezaji wa manukato wa Grasse. Trégunc iko kando ya bahari ya Atlantiki, nchi ya wavuvi. Mtoto wa mlimani alipoandika juu ya mavuno ya maua, alikuwa na msomaji ambaye kweli hajui mambo hayo na anataka kuyajua. Ikambidi aeleze. Masuala ambayo vitabu vya insha huyaita maelezo kamili na mpangilio wa habari yalijitokeza yenyewe, kwa kuwa barua iliyoeleza vibaya ilirudi na maswali.

Lugha nayo ilikuwamo katika jambo hilo. Watoto wa Trégunc walikua katika Kibretoni, na vijijini vya kusini lahaja za Kiprovansali zilikuwa bado hai. Shule ya Jamhuri ilizipiga vita lugha hizo kwa muda mrefu. Katika Bretagne mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alivikwa kitu cha aibu, naye akakipitisha kwa mwenzake wa kwanza aliyekosea vivyo hivyo. Matini huru haikuondoa Kifaransa, wala Freinet hakudai kukiondoa. Kilichobadilika ni kwamba mtoto aliingia katika lugha ya shule akiwa amebeba mambo yake mwenyewe. Katika Kongo, mpango wa masomo wa mwaka 1962 ulifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, kabla lugha za taifa hazijarudishwa katika miaka ya mwanzo ya shule. Kumtaka mtoto atunge kwa lugha ambayo bado hajajifunza kuisema ni kumtaka anakili, na anayenakili hujifunza upesi kwamba insha haimhusu.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro. Kura ya darasa ina wateule wake, na mtoto asiyechaguliwa mara kumi mfululizo huenda akaacha kuandika. Katika marekebisho ya pamoja pia sauti ya mwalimu ni nzito kuliko nyingine, hata anapojizuia. Neno «huru» lipokewe kwa kipimo.

Mwaka 1928 Freinet alihamia Saint-Paul, si mbali na Le Bar. Wakati huo walimu waliomfuata walikuwa wamekwisha kufanya mkutano wao wa kwanza, mwaka 1927 huko Tours, na madarasa kadhaa yalikuwa na mashine zao. Lakini Saint-Paul palikuwa pagumu. Jengo la shule lilikuwa katika hali mbaya, na Freinet, aliyekuwa mkomunisti na mwanachama hodari wa chama cha walimu, alidai mara kwa mara kwa halmashauri ya kijiji usafi, matengenezo na vifaa vya bure kwa watoto maskini. Meya hakupendezwa.

Hapo ndipo ilipozuka habari ya ndoto. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba ameota darasa zima limemwasi meya asiyetaka kulipia vifaa vya shule. Katika vurugu hiyo meya anamchoma mtoto kisu pajani, mtoto naye anamuua meya, mwalimu anashika nafasi ya meya, na mtoto, atokapo hospitalini, anapewa faranga elfu moja. Matini hiyo ilipigwa chapa pamoja na nyingine. Mwezi Desemba 1932 kuta za Saint-Paul zilikutwa zimebandikwa matangazo yaliyoinakili, ili kuonyesha ni mambo gani watoto wanafundishwa. Magazeti yakaingia. La Charles Maurras, Action française, lilimshambulia mwalimu. Ya mrengo wa kushoto yakamtetea. Wazazi waligawanyika, wengine wakawazuia watoto wao nyumbani. Shule ilipofunguliwa baada ya Pasaka, Aprili 1933, umati uliizingira ukitaka Freinet aondoke.

Mabishano hayo huelezwa kwa kawaida kama ugomvi wa siasa, na siasa zilikuwamo kweli. Lakini chini yake kulikuwa na swali la utanzu. Mtoto alikuwa ameandika ndoto, na ndoto haina mantiki ya mchana: zile faranga elfu moja peke yake zatosha kuonyesha kwamba ni akili ya mtoto inayocheza. Waliobandika matangazo waliisoma kama hati, kama amri ya mwalimu iliyopitia mkono wa mwanafunzi. Hawakuweza kuamini kwamba mtoto anaweza kuwa mwenye maneno yake, kwa sababu katika shule waliyoijua wao, kila sentensi ya mtoto ilitoka kwa mwalimu. Kwa upande mwingine, utetezi wa Freinet una udhaifu wake. Kuandika ndoto ni haki ya mtoto. Kuipiga chapa ni tendo la hadhara, na mtu mzima aliyejua vema ugomvi wake na meya alipaswa kupima itakavyosomwa kijijini. Alikuwa amewatafutia watoto wasomaji wa kweli. Adui naye ni msomaji.

Wakuu wa elimu walimhamisha Freinet mwaka huo huo wa 1933. Hakurudi tena kufundisha katika shule ya serikali. Yeye na mkewe Élise, aliyekuwa mwalimu na mchoraji, walijenga shule yao juu ya kilima huko Vence, ikafunguliwa rasmi mwaka 1935. Miaka michache baadaye iliwapokea watoto wakimbizi wa vita vya Hispania. Mwaka 1940 Freinet alikamatwa na kutiwa kambini, ambako aliandika. Mwaka 1949 habari za Saint-Paul zilitiwa katika filamu ya Jean-Paul Le Chanois. Matini huru yenyewe ilienea, na katika shule nyingi ikapata hatima iliyo kinyume cha jina lake: iliwekwa katika ratiba, siku fulani na saa fulani, na mwalimu akaisahihisha kwa wino mwekundu.

Freinet alifariki mwaka 1966. Shule ya Vence haikufungwa. Mwaka 1991 Serikali ya Ufaransa, ile ile iliyokuwa imemhamisha kwa sababu ya ukurasa mmoja wa mtoto, iliinunua ikaifanya shule ya umma.