Mlinzi Aliyepewa Rangi na Bosi Wake: Nani Alimfundisha Nani?

Mwaka 1957, mji wa Salisbury, ambao leo tunauita Harare. Wazungu ndio wanatawala, na linafunguliwa jumba kubwa la sanaa lenye jina la Cecil Rhodes mwenyewe. Mwafrika kupata kazi mle ndani ilikuwa ni kufagia, kufungua milango au kusimama pembeni kuangalia picha za watu zisiguswe. Mmoja wa hao wahudumu ni Thomas Mukarobgwa, mzaliwa wa Nyanga, umri kama miaka 33.

Bosi wake anaitwa Frank McEwen, Mwingereza aliyeishi Paris miaka mingi na kufahamiana na kina Picasso na Matisse. Kama mkurugenzi, yeye ndiye anayeamua nini kining'inie ukutani. Badala ya kuridhika na picha za Ulaya, jamaa akawapa wahudumu wake rangi na kanvasi, akawaambia wachore.

Msimamo wake: hakuna kufundishwa. Aliutoa kwa Gustave Moreau, mwalimu wa zamani wa Matisse, aliyeamini mwalimu kazi yake ni kukitoa kile ambacho mwanafunzi tayari anacho. Basi Mukarobgwa akachora milima na mapori ya kwao Nyanga, rangi nzito nzito.

Sasa hapa ndipo stori inaponoga. Mambo ya Washona, mizimu, ngano, maana ya wanyama, McEwen angeyajulia wapi? Mengi alisimuliwa na huyo huyo Mukarobgwa. Yaani mwalimu naye alikuwa darasani, ila kwenye historia jina la mwalimu likabaki kwa mmoja tu.

Baadaye jiwe likaipiku rangi. Joram Mariga, bwana shamba wa hukohuko Nyanga, alikuwa anachonga mawe laini, McEwen akamtia moyo, na wengine wakafuata. Mwaka 1962 Salisbury ikapokea kongamano kubwa la utamaduni wa Afrika, akaja hadi Alfred Barr, mkurugenzi wa kwanza wa jumba la MoMA la New York. Mwaka 1971 vinyago hivyo vikaonyeshwa Paris, kwenye Makumbusho ya Rodin. Kote huko maelezo ni yaleyale: hii ni sanaa ya Washona, mababu wanaongea kupitia jiwe.

Kumbe sio wote walikuwa Washona. Pale Tengenenge, shamba la tumbaku la Tom Blomefield lililogeuka kijiji cha wachongaji mwaka 1966, walikuwepo watu wa Malawi, Angola na Msumbiji waliofuata vibarua. Lakini stori ya mababu wa Kishona ilikuwa tamu, na soko likaikubali.

Na hilo la "hakuna kufundishwa" nalo tuliangalie vizuri. Kazi iliyomnukia utalii McEwen aliidharau, akaiita sanaa ya viwanja vya ndege. Sasa wewe una familia, na mtu anayechagua kazi ni yuleyule mmoja. Unahitaji mwalimu wa nini tena? Unaangalia kipi kimechukuliwa wiki hii, basi wiki ijayo mkono wenyewe unajua pa kwenda.

Haki yake apewe lakini. Kwenye nchi ambayo serikali yake ilimwona mtu mweusi ni wa kufagia tu, yeye alimwona msanii, na hilo halikuwafurahisha wakubwa. Mwaka 1973 akaachia ngazi, akaondoka.

Mukarobgwa hakuwa na Paris ya kurudi. Alibaki palepale kazini miaka mingi, uhuru ukaja mwaka 1980, Salisbury ikawa Harare, jina la Rhodes likaondoka ukutani. Alifariki mwaka 1999, miaka mitano baada ya bosi wake.