Kutoka Ukuu hadi Pensheni: Uzee na Kustaafu katika Lugha na Historia ya Unguja

Sehemu ya mawe ya mji wa Zanzibar huitwa Mji Mkongwe, na jina hilo halimvunjii mtu heshima. Kiswahili kina vivumishi kadhaa vya kutaja kitu kilichoishi muda mrefu, na kila kimoja kina hukumu yake. Nguo ikichakaa ni nguo kuukuu. Kiumbe aliyeishi miaka mingi ni mzee. Lakini -kongwe hubeba maana ya kudumu katika jambo na kulimudu: mwandishi mkongwe, nahodha mkongwe, mji mkongwe. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Yafaa kuzingatiwa kwamba jina la mamlaka hiyo linaunganisha kuhifadhi na kuendeleza, yaani kilicho kikongwe kinadhaniwa kuwa bado kina safari mbele yake. Swali la kihistoria ni iwapo wakaazi wa mji huo, na wa kisiwa kizima cha Unguja, wamedhaniwa hivyo hivyo walipofikia umri mkubwa.

Ushahidi wa kwanza ni wa lugha yenyewe. Methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu haimkusudii mkuu wa ofisi. Mkuu humo ni mtu aliyetangulia kuzaliwa. Umri na mamlaka vilikuwa neno moja. Katika vijiji vya kusini mwa Unguja mambo ya ardhi na mila yalisimamiwa na wakuu waliojulikana kama watu wanne, na Makunduchi hadi leo sherehe za Mwaka Kogwa haziendi bila ya wazee wanaojua utaratibu wake. Pia mtu aliyefikia makamo na kuyapita huitwa kwa adabu mtu mzima, na uzee huitwa utu uzima. Uzima ni ukamilifu, na ni afya pia. Mtu hakuhesabiwa kuwa anapungua. Alihesabiwa kuwa anatimia.

Hata hivyo haifai kuipamba picha hii kupita kiasi, kama ilivyo tabia ya waandishi wengi wanaozungumzia mila. Lugha hiyo hiyo ina msemo ukubwa jaa, ambao humlinganisha mkubwa na mahali pa kutupia taka: kila lawama humwangukia yeye. Tena ngeli ya ki- inajua kudunisha. Mkongwe akiwa kikongwe, heshima hupungua na huruma huingia. Kizee, mara nyingi, ni mwanamke. Ajuza, neno lililotoka katika Kiarabu, ni mwanamke daima, na katika hadithi za kale si rahisi kumkuta ajuza mwema. Shaibu, mwenziwe wa kiume, jina lake latokana na mvi tu. Kwa hiyo wazo kwamba Waswahili wa zamani waliwaheshimu wazee wote kwa kiwango kimoja halithibitiki na msamiati wao.

Jambo moja lakini halikuwemo katika msamiati huo: siku ambayo mtu hukoma kufanya kazi kwa sababu ya tarehe. Mvuvi wa Nungwi aliacha ngalawa pale mikono ilipokataa, kisha akabaki kusuka madema na kuwafundisha vijana miamba. Mwalimu wa chuo cha Kurani alifundisha mpaka sauti ikamwishia. Mkunga na kungwi walipanda daraja kwa kadiri walivyozeeka, kwani kazi zao zilitaka mtu aliyekwisha kuyaona mengi. Kwa wanawake hasa, uzee ulifungua milango ambayo ujana uliifunga: bibi aliweza kutoka, kusema mbele ya watu, na kuongoza ngoma.

Neno kustaafu liliingia kwa mlango wa ofisi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni kuomba kuondolewa wajibu, yaani kujiuzulu. Shina lake ndilo lililotupa maneno afu, afua na afya. Katika matumizi ya Kiswahili, hata hivyo, anayestaafu haombi, umri humwondoa. Utawala wa Waingereza, uliotangaza ulinzi wake juu ya Zanzibar mwaka 1890, ulileta makarani, daftari la mishahara na pensheni, neno ambalo halikuhitaji tafsiri kwa kuwa jambo lenyewe halikuwako. Malipo ya mkupuo yanayotolewa mwisho wa utumishi, kwa upande wake, yalipewa jina la Kiswahili safi: kiinua mgongo. Hapa waundaji wa lugha walionesha ustadi. Mtumishi anafikiriwa kuwa ameinama miaka yote, na sasa anapewa kitu cha kumsaidia kusimama wima. Jina hilo linasema kwamba baada ya utumishi mtu hainuki ili alale, bali huinuka ili aende.

Mfumo huu uliwahusu wachache. Wengi wa watu wa Unguja walikuwa wakulima, wavuvi, mabaharia, wachuuzi na mafundi, na daftari la serikali halikuwajua. Hata umri wao haukuwa wa namba. Mfano mashuhuri ni Fatuma binti Baraka, aliyejulikana duniani kwa jina la Bi Kidude. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa zama za rupia, sarafu ambayo Zanzibar iliacha kuitumia mwaka 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki. Alipokea mapokeo ya uimbaji ya Siti binti Saad, akawa bingwa wa ngoma ya unyago, na sifa yake ya kimataifa ilimjia uzeeni, kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na aliendelea kupanda jukwaani hadi karibu na kifo chake tarehe 17 Aprili 2013. Waandishi wa nje walistaajabu kwamba bibi wa umri ule anapiga ngoma. Kwa Unguja ajabu ilikuwa kwingine, katika kuimba kwake mbele ya wanaume na wageni. Kwamba kungwi ni mzee halikuwa jambo la kushangaza mtu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 dola ilichukua sehemu ya wajibu uliokuwa wa ukoo. Wazee wasio na watu walipewa makao Welezo na Sebuleni. Sebule ni chumba cha mbele cha nyumba, mahali pa kupokelea wageni, na si jina baya kwa makao ya wazee, ijapokuwa mgeni naye hana nyumba. Neno mzee lilipanda wakati huo huo hadi kilele cha siasa: Mzee Karume, kama vile Kenya ilivyokuwa na Mzee Kenyatta. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyewahi kuwa mwalimu Mangapwani, alipachikwa jina la Mzee Ruksa, akang'atuka mwaka 1995, kisha mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 96, akatoa kwa Kiswahili kitabu cha maisha yake. Alifariki mwaka 2024.

Kwa watumishi wa kawaida mambo yalikwenda kwa namba. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na utumishi wa umma ukawa na mipaka miwili, miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Mwalimu wa skuli ya Mjini, mwenye nguvu na kumbukumbu kamili, huamka siku moja akiwa mstaafu. Baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba, na vikao vya kahawa kama kile cha Jaws Corner, huwapokea watu kama hao, na kuna hoja nzuri kwamba baraza ni taasisi ya elimu isiyo na mitihani. Lakini baraza ni ya wanaume. Mwalimu mwanamke aliyestaafu hurejea nyumbani, ambako kazi haikupata kusita hata siku moja.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza kulipa pensheni jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, kiwango ambacho kimeongezwa baadaye. Kenya ilianzisha mpango wake wa kuwalipa wazee wa umri huo mwaka 2018. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Uzito wake umo katika maana. Kwa mara ya kwanza pensheni ilitengana na ajira. Mwanamke wa Paje au Jambiani aliyeanza kulima mwani zao hilo lilipoingia mwaka 1989, akiwa na miaka 45 na hana mwajiri, alistahiki sawasawa na katibu wa wizara. Hakustaafu popote, na huenda bado anakwenda pwani maji yakitoka. Sheria ya Masuala ya Wazee ya mwaka 2020 ilifuata njia hiyo hiyo ya kuutambua uzee kuwa haki. Wazee wenyewe walikwisha kuitambua tofauti hiyo katika jina la chama chao, Jumuiya ya Wastaafu na Wazee Zanzibar. Kiunganishi kile, na, kinafanya kazi kubwa: si kila mzee ni mstaafu, wala si kila mstaafu ni mzee.

Kwa wanafunzi wa lugha suala hili liko karibu zaidi ya wanavyodhani. Lahaja za Unguja zimeandikwa kwa msaada wa wazee, na katika tasnifu nyingi wazee hao hutajwa kwa jumla, katika mstari mmoja wa shukrani, kama watoa habari. Neno hilo ni la kustaafisha. Linamfanya mzee kuwa kisima, na mwenye kuchota ndiye mtaalamu. Haji Chum alikwisha kuonesha njia nyingine kwa msamiati wake wa Kikae, lahaja ya Makunduchi, uliochapishwa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoka tena kama kitabu mwaka 1994.

Haji Gora Haji alikwenda mbali zaidi. Alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akasoma chuo cha Kurani, akavua samaki na kusafiri na vyombo vya bahari. Hapakuwa na ofisi ya kumstaafisha. Diwani yake Kimbunga ilichapishwa mwaka 1994, alipokuwa na miaka 61, umri ambao mtumishi wa serikali amekwisha kukabidhi funguo. Mwaka 2006 Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilichapisha kamusi yake ya Kitumbatu. Mzee wa miaka 73 akawa ndiye mtunga kamusi, na jina lake likakaa juu ya jalada badala ya kwenye shukrani. Riwaya yake Siri ya Gining'i ilitoka mwaka 2009, na diwani yake Shuwari mwaka 2019, miaka miwili kabla ya kufariki kwake. Watumbatu wa rika lake waliokuwa na maneno ambayo hayamo katika kamusi ile ni wachache leo kuliko mwaka 2006, na wengi wao hawakuulizwa.